Kumi ya Dukani Kwetu

Shangazi yangu huongea na pini mdomoni. Akiwa ameziuma upande wa kushoto, hujibu kwa upande wa kulia, na hajawahi kumeza hata moja. Nilipoacha shule nikaja kukaa kwake, nilidhani ndivyo mdomo wake ulivyo.

Ni fundi wa nguo. Alianza kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akishona mashuka yaliyochanika na mapazia yaliyoliwa na jua, hadi mwenye duka mmoja wa barabara ya ufukweni alipoliona pindo lake akamwita. Huko ndiko tuliko mpaka leo, nyuma ya pazia: yeye kwenye cherehani, mimi kwenye pasi.

Barabara ya ufukweni ni ya wageni. Upande mmoja bahari, upande wa pili vioo vya maduka: viatu, miwani, manukato, saa ambazo bei yake haiandikwi. Asubuhi wageni hupanda boti yenye sakafu ya kioo wakaone samaki, au huingia jumba la samaki wakawaone walewale kwa karibu zaidi. Jua likichachamaa wanakimbilia madukani kwenye ubaridi. Shangazi hajawahi kuipanda boti ile. "Samaki namwona sokoni," husema. "Tena pale hanikimbii."

Anachokijua yeye ni miili ya watu. Mtu akipita tu nje ya kioo, keshampima kwa jicho: "Yule kumi na sita. Yule kumi na mbili, ila mabega kaazima kwa mtu."

Namba nilizojifunza sawasawa maishani mwangu ni hizo za nguo, na kwetu namba zina siri. Nguo zikifika, kazi ya kwanza ya Shangazi ni kufumua lebo shingoni na kushona nyingine yenye namba ndogo. Kumi na nne inakuwa kumi. Kumi na sita inakuwa kumi na mbili. Ilianza kwa Bosi, mwenye duka, mama mmoja mcheshi wa viatu virefu. "Kizuri chajiuza," alisema, "lakini kikisukumwa kidogo kinauzika kabla ya mchana." Na kweli. Mgeni anaingia chumba cha kujaribia amenuna, anatoka anacheka: "Jamani, mimi bado kumi!" Kasuku, dada anayeuza pale mbele, anapiga makofi: "Dada, wewe kumi yako ya kuzaliwa nayo!" Mgeni anaondoka akitembea kama aliyepungua kweli.

Shangazi hakuona ubaya. Aliyevaa kavaa, imemkaa, kafurahi. Ni uongo unaoishia palepale kwenye kioo.

Sasa siku moja aliingia mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, peke yake. Alisimama katikati ya magauni kama mtu aliyeingia msiba asioujua.

"Karibu, baba," Kasuku akamwambia. "Unamtafutia nani? Usiniambie wewe mwenyewe."

Mzee akacheka. Alikuwa anamtafutia mkewe. Walikuwa wamefikia hoteli ya mwisho wa barabara, na jioni ile kulikuwa na chakula cha wageni bustanini. "Aliugua mwaka mzima," akasema. "Zamani alikuwa kumi na nne. Sasa ni kumi, tulipima nyumbani kabla ya safari. Nguo zake zote zinamning'inia, hataki kutoka chumbani. Nataka apate moja inayomtosha, ajione mtu."

"Kumi tunazo, baba. Tena nzuri!"

Nilimtazama Shangazi. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya kanyagio la cherehani. Bosi alikuwa mbele pale pale, akimsaidia mzee kuchagua, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. Walichagua gauni la kijani lenye mikono mirefu. Likaletwa nyuma lipigwe pasi. Nikalipiga. Shangazi akalikunja mwenyewe, akaliweka kwenye karatasi laini, akafunga utepe. Pini zilikuwa bado mdomoni.

Mzee alipotoka, ndipo akazitema pini mkononi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Kamnunulia mwili wake wa zamani," akasema. "Kaandikiwa kumi, kabeba kumi na nne. Yule mama akilivaa litamwagika mabegani. Atatazama lebo aone kumi, atasema kumi nayo imenishinda. Atajiona anaisha."

"Si ungemwambia?"

"Mdomo si ulikuwa na pini."

Mara ngapi nimemsikia akigombana na Kasuku na pini zikiwa humohumo mdomoni! Naye alijua kwamba najua, maana hakunitazama tena.

Mchana hakula. Alishona mkono wa blauzi upande usio wake, akafumua, akaushona vilevile tena. Kasuku alipochungulia pazia akamtania: "Fundi, leo umependa nini? Au yule mzee wa kofia?" Shangazi hakucheka. Mwishowe akainuka akaenda kwa Bosi, akamwambia kichwa kinamuuma. Bosi akamshika paji la uso kama mtoto. "Nenda kapumzike, dada yangu. Ondoka na huyu mtoto akusindikize. Kazi haina mwisho."

Tulipotoka Shangazi akasema, "Ona alivyo mwema. Na mimi namdanganya." Kisha badala ya kushika njia ya nyumbani, tukashika ya hotelini, kibati cha pini na sindano kikigonga ndani ya mkoba wake.

Mlinzi alitutazama viatu kwanza. "Wauzaji mlango wa nyuma."

"Siuzi. Nimekuja kurekebisha nguo ya mgeni. Mzee wa kofia nyeupe, mkewe hajisikii vizuri."

Alipiga simu, akasema kuna fundi wa gauni. Mzee alishuka mwenyewe, bila kofia, nywele zimesimama. Alipomwona Shangazi na mkoba wake akaelewa anatoka dukani, na nilimwona akitaka kukasirika akakosa nguvu.

"Amejifungia bafuni," akasema. "Nilidhani nitamfurahisha. Alilivaa akajitazama kwenye kioo, akaniuliza, 'Limeandikwa kumi?' Nikasema ndiyo. Basi. Amesema hashuki kula, na kesho turudi nyumbani."

Chumba chao kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yetu, na bahari yote dirishani. Shangazi hakuitazama. Alikwenda kwenye mlango wa bafu, akasimama kama anayebisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo, mama. Mimi ni fundi wa duka lililouza gauni."

Bomba likafungwa.

"Sitaki fundi. Nguo haina kosa. Kosa langu."

"Mama, hiyo nguo ndiyo yenye uongo. Si kumi, ni kumi na nne. Lebo nimeibadili mimi, kwa mkono wangu. Tunazibadili zote."

"Unanifariji. Mume wangu kakutuma."

"Hajui hata kidogo. Ungemwona alivyoachama."

Na kweli mzee alikuwa ameachama. Shangazi akaendelea: "Ningeweza kumwambia pale dukani. Nilimsikia akisema uliugua. Nikalikunja, nikafunga utepe. Nisamehe, au usinisamehe, lakini usijipime kwa uongo wangu. Fungua nikupime. Kama nimedanganya, nichome kwa pini zangu."

Mlango ulifunguka kidogo, kisha wote. Alikuwa mama mrefu, shingo nyembamba, gauni la kijani limemmeza hadi vidole. Shangazi akatoa utepe wa kupimia, akamzungushia kifuani, kiunoni, nyongani, bila haraka. Mzee akageukia dirishani.

"Umepungua, mama," akasema Shangazi. "Siwezi kukuambia hukupungua. Ila wewe ni kumi ya kweli, kama mlivyopima nyumbani. Hujashuka hata uzi mmoja tangu hapo."

Yule mama alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kumi," akasema. Akalia kidogo, kimyakimya, kisha akauliza, "Hebu ngoja. Na wale niliowasikia kwenye ngazi leo, wametoka dukani kwenu, wakijidai wote ni kumi?"

"Wengi wao ni kumi na nne, mama."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mzee akaleta maji, naye akamwondoa kwa mkono: "Niache nicheke, mwaka mzima sijacheka!" Shangazi yeye hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, ameuma pini, anapunguza mabega na mbavu za gauni lile kila upande. Alishona kwa mkono hadi jua likageuka. Mwishoni akaifumua lebo, akamwuliza aweke ipi.

"Usiweke yoyote," mama akasema. "Nimechoka kusomwa."

Tulipokuwa tunatoka kwa mlango wa nyuma, tuliwaona bustanini wakielekea mezani, kijani kimemkaa mabegani, mzee amerudisha kofia. Nikasema, "Shangazi, umefanya vizuri." Akaniambia, "Kuzima moto uliouwasha mwenyewe si sifa."

Nilidhani ataacha. Kesho yake Bosi alimwuliza kichwa kinaendeleaje, akamwekea mfuko mwingine wa lebo juu ya meza. Shangazi aliutazama muda mrefu. Kisha akachukua mkasi akaanza kufumua, maana kuna kodi ya nyumba na kuna mimi. Hakunitazama usoni siku ile yote.

Lakini sasa akija mtu kumnunulia mwingine asiyekuwepo, Shangazi hukohoa nyuma ya pazia. Kikohozi kikavu, mara mbili. Kasuku, ambaye mdomo wake haufungiki lakini akili anayo, hudakia: "Baba, mlete mwenyewe ajaribu, nguo hizi zina maringo." Wengine huwaleta. Wengine hawarudi, hununua kwingine.

Nilimwambia angalau kikohozi kinasaidia. "Hicho si toba," akajibu kwa upande wa kulia. "Ni kikohozi tu."

Juzi Bosi alikuja nyuma ameshika chupa ya dawa ya kifua, ameinunua mwenyewe. "Dada yangu, kikohozi hiki kitakumaliza. Kunywa asubuhi na jioni." Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Chupa ile iko pale juu ya cherehani, karibu na mfuko wa lebo. Hajaifungua, na hathubutu kuiondoa.