Mbwa Aliyevishwa Kengele

Mbwa wetu alikuwa na tabia ya kuleta nyumbani kila alichookota, na hakuna alichokidharau. Panya buku, kenge, vifaranga vya kware, nyoka aliyekufa zamani akakauka kama mkanda. Kuku wa jirani alipokufa kwa kideri akazikwa, mbwa wetu alimfukua. Siku nyingine alirudi na kondo la nyuma la ng'ombe, akiliburuta njiani kwa maringo kama bibi harusi na shela yake. Akimaliza kula, alikuja kukulamba mkono.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi Ulyankulu kwa mama kusubiri ajira, na kazi zangu zilikuwa mbili: kupalilia na kuuliza maswali. Nadhani maswali yalimchosha mama kuliko mbwa. Nilimuuliza kwa nini panya buku akinaswa kwenye mtego wa mtu huitwa kitoweo, lakini akija mdomoni mwa mbwa huitwa uchafu. Panya ni yuleyule. Nilimuuliza pia kwa nini tunasema mbwa anakula ovyo wakati sisi tunakula uyoga uliootea kwenye mbolea.

"Kwa hiyo nikutengee na wewe chini, kando yake?" mama akaniuliza.

Nikachukua jembe nikaenda kupalilia.

Ukweli ni kwamba kuna siku tulikula pamoja, tena kwa furaha. Mvua ya kwanza ilipokatika, kumbikumbi walifumuka kwenye kichuguu nyuma ya bani, kile kibanda chetu cha kukaushia tumbaku. Mama alitoka na beseni, mimi mikono mitupu, mbwa mdomo wazi. Alikuwa anaruka juu, meno yanagongana kwenye hewa, ta, ta, ta, kisha anatua na kushangaa aliowakosa. Mabawa yalimganda puani akawa kama amepakwa unga. Mimi niliwatafuna wabichi, na mama, aliyeapa kwamba lazima wakaangwe kwanza na chumvi, nilimwona akitupia wawili mdomoni alipodhani sitazami. Tulicheka mpaka mama akakaa chini kwenye tope na kitenge chake kizuri.

Kwa hiyo mama hakumchukia mbwa. Tatizo lilikuwa jumuiya.

Sisi ni Wakatoliki, kizazi cha watu waliotoka Burundi, na huku kwetu familia chache za jirani hukusanyika kila wiki kusali pamoja, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Zamu ikifika kwako, nyumba inafagiliwa mpaka ardhi inaona haya. Zamu yetu ya mwisho, katikati ya sala ya kimya, mbwa alipita katikati ya magoti ya watu na kulaza kitu kwenye mkeka, mbele ya mwenyekiti wa jumuiya. Kilikuwa kichwa cha mbuzi. Kilikuwa kinacheza kwa funza.

Mwenyekiti wetu ni mama mrefu, mnyoofu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akicheka. Alikitazama kile kichwa, akamtazama mama, akasema neno moja:

"Tuendelee."

Neno hilo lilimuuma mama kuliko tusi. Usiku huo alikataa kula. Kesho yake alimpigia simu mdogo wake, mjomba wangu aliyeoa Choma na kufuga ng'ombe huko, wakapatana. Zamu yetu ikirudi, mbwa akileta tena kitu chochote mbele ya watu, mjomba atamchukua akalinde zizi. Mjomba alikuwa na safari ya kuja huku hata hivyo, Jumatatu baada ya zamu yetu.

"Hata mguu wa panzi," mama aliniambia. "Akileta hata mguu wa panzi, anaondoka."

Nilimpenda yule mbwa. Nilijaribu kujielezea mwenyewe kwa nini, nikashindwa. Nikampigia simu rafiki yangu wa chuo. Kwao ni Cheyo, Tabora mjini, nyumba ya Waislamu wa siku nyingi, mafundi cherehani tangu kwa babu yao. Mbwa hasogei hata barazani kwao, lakini paka ana heshima zake.

"Mfunge kengele," akasema hata kabla sijamaliza.

"Kengele?"

"Wee, paka wetu alikuwa anawamaliza njiwa wa baba. Tukamfunga kengele shingoni. Sasa akinyanyua mguu tu, ngili-ngili, njiwa wote wapo juu ya bati. Siku hizi anashinda amenuna."

"Mbwa si paka."

"Kwani anayekimbia ni mbwa au ni mnyama? Mnyama akisikia kelele atakimbia. Asipokamata, hataleta. Msomi mzima, mbona mzito hivyo?"

Nilitafuta kasoro kwenye hoja ile sikuiona. Tena kengele ilikuwepo. Stoo, chini ya majembe yaliyokatika mipini, ilikuwepo kengele ya chuma ya marehemu babu, ukubwa wa ngumi, na mkanda wa ngozi uliokakamaa. Ndani ulimi wake ulikuwa umesongwa jani kavu la mgomba ili usilie. Nilidhani ni ya mbuzi. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Siku ya jumuiya nilimvisha mbwa kengele mapema, jani likiwa bado ndani ili mama asisikie. Watu wakaanza kufika. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Mama alikuwa ametandika mikeka uani, akaweka meza ndogo yenye msalaba na mshumaa. Mwenyekiti akaketi mbele, mgongo wima. Pembeni yake akaketi mzee jirani yetu, aliyekuja na fimbo na malalamiko marefu juu ya magoti yake. Somo likaanza kusomwa. Nikapita nyuma ya nyumba, nikachomoa lile jani, nikamwelekeza mbwa kwenye shamba la muhogo.

Kengele ile haikulia ngili-ngili. Ililia kolo, kolo, kolo, sauti nzito inayokwenda mbali, na mbwa mwenyewe aliiogopa. Akakimbia kuikimbia, nayo ikazidi kulia, naye akazidi kukimbia.

Niliporudi uani mzee jirani alikuwa ameinua kichwa.

"Nani katoa jani?" akauliza.

Msomaji wa somo akanyamaza.

"Nauliza, nani katoa jani kwenye kengele?"

Mama akageuka taratibu akanitazama.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Zamani, wazee wetu walipokuwa wanawinda, mbwa alivishwa kengele kama ile na kupelekwa porini ikiwa imesongwa majani, kimya. Jani likitolewa, maana yake windo limeanza, na kila mwenye miguu alitakiwa kukimbilia upande wake. Uwindaji wa namna hiyo ulikoma kabla sijazaliwa. Kumbe masikio ya watu hayakuambiwa.

Mzee alisimama bila fimbo. "Fata! Fata!" akapaza sauti, yaani kamata kwa Kirundi, na yale magoti ya kulalamikiwa yakampeleka mbio mpaka kwenye muhogo. Mbwa wa majirani walishafika, wanabweka kila kona. Kinababa wawili wakaondoka, kisha watatu, kisha kinamama na vitenge vyao mkononi. Rozari zilibaki kwenye mikeka.

"Tuendelee," akasema mwenyekiti. Tulikuwa tumebaki yeye, mama, mimi na mshumaa.

Hapo muhogo ukapasuka na sungura akatoka. Alikuja moja kwa moja kwetu, masikio yamelala mgongoni. Akapita chini ya kamba ya nguo, akaruka kwenye mkeka, akajikunja mbele ya meza asijue pa kwenda. Na mwenyekiti, mama yule mnyoofu, alifungua kitenge cha juu kiunoni, akakirusha kama mtu anayetega wavu, na kukiangukia kwa mwili wake wote.

"Nimemshika!" akapiga kelele. "Nimemshika! Njooni, nimemshika!"

Watu wakarudi wanahema, wamegandwa na mbegu za vishona nguo mpaka kwenye nyusi. Mwenyekiti alikuwa amekaa chini, kilemba kimedondoka, amekumbatia kile kitenge kinachotetemeka. Alikuwa anacheka, kicheko cha msichana, chembamba, kinachokatika na kuanza upya.

"Supu," akasema mzee.

"Shikamoo mzee," nikasema, "lakini kuwinda bila kibali ni kosa."

"Marahaba. Nani kawinda? Mimi nilikuwa nasali."

"Mbwa ndiye kawinda."

"Basi kibali mdai mbwa."

"Hakuna supu," mwenyekiti akakata shauri. "Huyu kaja mwenyewe kwenye jumuiya. Ni mgeni." Na alipogeuka kumwonyesha mzee kidole, kitenge kikalegea. Sungura akachomoka, akapita katikati ya miguu yetu, akapotelea nyuma ya bani.

Mzee akasema kwa masikitiko, "Ameondoka kabla ya sadaka."

Tulianguka kwa kicheko. Wengine walishika ukuta. Mama peke yake hakucheka, maana kengele ilikuwa inakaribia, kolo, kolo. Mbwa akaingia uani, ulimi nje. Akanusa kitenge, akanusa mkeka. Sungura kwa woga wake alikuwa ameacha vinyesi, vile vidogo vya mviringo, vimetapakaa mbele ya meza. Mbwa akaanza kuvila, kimoja kimoja, kwa makini, mbele ya mwenyekiti.

Mama alijifunika uso. "Mungu wangu, huyu mbwa."

"Mwache, mama," mwenyekiti akasema, anafuta machozi. "Anatufagilia mkeka." Kisha akamshika mbwa shingoni, akaigeuza ile kengele kuitazama. "Baba alikuwa na kama hii. Alikuwa ananisimamisha penye upenyo, na kanga ya mama mkononi. Wavulana walikuwa wanakosa. Mimi sikosi."

Somo tulilirudia tangu mwanzo. Halikusomeka vizuri. Kila lilipotajwa neno mgeni mtu fulani alikohoa.

Jumatatu mjomba alifika na kamba. Mbwa alimlaki kwa kumletea chura aliyekanyagwa na gari, bapa, mkavu, akamwekea juu ya kiatu.

"Ndiye huyu?" mjomba akauliza, hasogezi mguu.

"Ndiye," mama akasema. "Hauzwi, hatolewi. Umekunywa chai?"

"Dada, nimetoka Choma kwa ajili ya mbwa!"

"Umetoka Choma kuja kunisalimia. Kuna jogoo bandani, kamfunge kwa hiyo kamba umpelekee shemeji."

Mjomba akaenda bandani akinung'unika. Mimi sikuweza kunyamaza. Masharti yalikuwa wazi, nikamwambia mama, mguu wa panzi, na kilicholetwa uani kilikuwa sungura mzima. Kimebadilika nini?

Mama alimchota chura kwa koleo, mbwa akimfuata nyuma na macho yake yote kwenye koleo.

"Miaka yote hii," akasema, "yule mama anakuja hapa, anakaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, anasema tuendelee. Juzi alipoondoka alinishika mikono yote miwili. Akaniuliza zamu yenu inarudi lini."

Akamrusha chura mbali kwenye muhogo. Mbwa akamfuata.