Marimba Nne na Kitambaa Changu

Niliondoka shambani kwa sababu ya ubishi wa karakana. Ngano ilikuwa imeshavunwa, kombaini zimepangwa mstari, na madereva kazi yao ikawa kubishana: marimba ya nani, hizi za kushika mikononi na kupiga kwa vidole gumba, ina sauti nzuri kuliko zote huku Hanang na Mbulu? Wakanituma mimi nikasikilize, maana ndimi mpima mizani wa shamba na sijawahi kuegemea upande. Shule niliishia la nne, na muziki siujui. Lakini likizo nilikuwa nayo.

Nikamwomba Mzee Chilewa, fundi wetu wa kombaini, Mgogo wa Dodoma, aniazime yake iwe kama jiwe la mizani: kila nitakayoisikia niipime kwa hiyo. Alisita. Jumamosi binti yake Yuditha alikuwa anaolewa, na alimwahidi kumtoa nyumbani kwa marimba hiyo.

"Ijumaa iwe hapa," alisema. "Na sauti yake yote."

"Sauti nitaipeleka wapi, mzee?"

Jumanne asubuhi nilidandia tela la trekta hadi Katesh, kisha nikatembea mpaka Nangwa kwa Gidamis, mhunzi. Vyuma vya marimba yake amevifua kutoka springi ya lori, vipana kama kwato za ng'ombe. Sauti ni nzito, inakuingia kifuani kabla ya masikio. Nikapiga ya Chilewa. Nyuma ya kila mlio kulikuwa na zzzz, kama nzi ndani ya chupa.

Gidamis alicheka. "Rafiki, hiyo yako ina mafua!"

Nikaandika hivyohivyo kwenye daftari, ingawa iliniuma kwa niaba ya Chilewa.

Jumatano, Mogitu, nilimkuta mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Kigoma. Ya kwake ni spoku za baiskeli juu ya kopo bapa. Inalia haraka na kwa wembamba, kama mvua inapoanza juu ya bati. Sijui kama naeleza vizuri. Sasa, marimba zote mbili zilikuwa na vumbi, na yangu ilikuwa nalo zaidi kwa ajili ya njia. Nikaona si haki kupima hivyo. Nikatoa kitambaa changu, nikafuta ya mwalimu, nikafuta na ya Chilewa. Kwenye tundu lake la mbele nikakuta kijiutando cheupe, kichafukichafu. Nikakichokonoa kwa kijiti.

Nikapiga. Zzzz imekwisha! Nikaandika: "Ya Chilewa imepona." Nakiri kwamba nilijisifu.

Alhamisi mchana nilifika Tumati, kwa lori kisha kwa miguu, baridi imenishika. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Baha, mjane ambaye mumewe alifanya kazi Dodoma na kumwachia marimba ya kibuyu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, upumue kwanza."

Akapiga yake. Sauti ilizunguka ndani ya kibuyu ndipo ikatoka, na nyuma yake, zzzz. Nikaanza kuandika kwamba nayo ina mafua. Mama Baha akachukua ya Chilewa, akagusa chuma kimoja, akaiweka chini.

"Hii imenyamazishwa. Ngozi yake iko wapi?"

"Ngozi gani, mama?"

Akanionyesha tundu la yake. Limezibwa kwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake ukutani. "Huyu ndiye anayeimba. Vyuma vinamchokoza tu."

"Mama, nimemfuta. Kwa kitambaa."

"Kitambaa kilikuwa safi?"

"Safi kabisa."

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Mimi nilikuwa namwona Yuditha anatoka nyumbani kwao kwa mlio wa kopo.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, tulikagua kuta zake zote. "Sio huo, una mayai. Mwache mama wa watu!" alinikemea. Mwishowe tukapata mtupu nyuma ya zizi. Akaubandika kwa mate. Zzzz ikarudi, ila si ileile: ilikuwa nyembamba zaidi, kama inayocheka.

Ijumaa alasiri nilishuka shambani, njia nzima nikifikiria kunyamaza. Chilewa akagusa chuma kimoja kabla sijakaa.

"Huyu si wangu."

"Ni wa Tumati, mzee. Wako nilimfuta nikidhani ni uchafu."

Akaingia nayo ndani, akapiga wimbo mzima. Nilibaki uani na kofia mkononi. Mara nikamsikia Yuditha: "Baba, mbona leo inacheka? Kesho piga hivyohivyo, nisije nikalia."

Jumamosi alitoka kwao anacheka. Aliyelia ni Chilewa.

Karakana walitaka mshindi. Nikawaambia nilikwenda kusikiliza marimba nne, lakini kwa haki ni sita, maana ya Chilewa niliisikia ikiwa nzima, imekufa, na imefufuka, na siwezi kukipa ushindi kifaa nilichokiharibu mwenyewe. Walinizomea. Nilichojifunza ni kuuliza kabla ya kusafisha.

Baadaye nilimwambia Chilewa nitamtafutia buibui wa Dodoma.

"Mwache huyu wa Mbulu," alisema. "Na wewe karibu nyumbani siku yoyote. Kitambaa kiache mlangoni."