Nyuzi za Zeze Kwenye Mkia wa Ndege

Hebu fikiria umerudi kwenye nyumba uliyokulia, unashusha ukutani kitu ulichokiacha kikiwa gofu, unakikuta kizima. Mimi yamenikuta. Tulikuwa tumetoka kuanua matanga ya bibi, mzaa mama, pale Ihumwa, Dodoma, na mama mdogo akanituma chumbani kwa marehemu nitoe vitu vya kugawana. Nikashusha zeze la babu. Nusura nilidondoshe. Mara ya mwisho nililiona halina hata uzi mmoja, na nyuzi zilikokwenda nilikujua, maana nilizifunga huko mimi mwenyewe. Sasa zilikuwa mahali pake zote mbili, zimekazwa.

Babu sikumjua, alifariki kabla sijapata akili. Nililolijua ni zeze lake, lililotundikwa juu ya kitanda cha bibi. Kila Jumapili akitoka kanisani, kabla hata ya kuinjika maji ya ugali, bibi alilishusha, akalipaka kibuyu chake mafuta ya alizeti, akazipangusa nyuzi kwa pindo la khanga, akalirudisha. Kulipiga ilikuwa mwiko. Ukilisogelea tu, sauti ilikufikia kutoka jikoni: "Mwenye nalo hayupo."

Mjomba, kitinda mimba wa bibi, alikuwa fundi redio, mtu mpole lakini king'ang'anizi kama kupe. Siku moja akapata rimoti na vimota kwenye shehena ya vitu vya mtumba, akatangaza kwamba ataunda ndege na itaruka. Mtaa mzima ulicheka. Bibi alisema mwanawe amepigwa na jua. Mimi ndiye niliyemwamini, basi nikawa fundi msaidizi, nikitoka shule nachambua karanga harakaharaka ili niwahi kibandani kwake kwenye harufu ya gundi na risasi ya kuchomelea.

Kiwiliwili tulikitengeneza kwa boksi gumu, mabawa kwa yale maboya meupe mepesi yanayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Kazi ilikuwa mkiani. Mkia una kibao kinachofunguka huku na huku kama mlango, na hicho ndicho usukani. Tumboni mwa ndege kuna kimota chenye kijimkono, na mkono huo lazima uungwe na kibao kwa nyuzi mbili, moja kila upande: huu ukivuta, ule unaachia. Tulijaribu mshipi wa kuvulia samaki, lakini kwa jua lile, ikifika adhuhuri ulikuwa umelegea kama tambi. Waya wa breki za baiskeli ukawa mzito. Mjomba alikosa raha kabisa. Halafu Jumamosi moja akaja na nyuzi mbili za chuma ndani ya leso, nyembamba, zinang'aa. "Hizi hazilegei," alisema. Sikuuliza zimetoka wapi, na yeye hakunitazama.

Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, kwa hiyo mimi ndiye niliyezipenyeza. Nilizikunja ncha kwa koleo, kunjo mbili za kupishana ili zisichomoke, nikaziingiza kwenye vipande vya dumu tulivyogundisha pande mbili za kibao. Mjomba akasukuma kijiti cha rimoti, mkia ukaitika kushoto, ukaitika kulia. Tulikumbatiana.

Siku hiyohiyo tukaipeleka uwanjani nyuma ya nyumba, mahali ambapo leo pamejaa nyumba za bati la rangi. Ikakimbia kwenye vumbi, ikapaa. Watu waliokuja kucheka walibaki midomo wazi. Lakini ilipogeuka kuukabili upepo wa Dodoma, tukasikia kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Ndege ilikuwa inaimba. Sauti nyembamba ya kuburuza, inapanda na kushuka, na lile boksi likiikuza. Wazee wawili waliokuwa pale wakatazamana, mmoja akavua kofia. Mimi bado sikuwa nimeelewa.

Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi, amepauka. "Nani analipiga?" aliuliza. Akaingia ndani, akarudi amelishika zeze, tupu. Mjomba alipoliona akasahau kwamba ameshika rimoti, na ndege ikaenda kujibwaga kwenye mizabibu ya jirani. Akaifuata, akarudi nayo, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaanza kuzifungua zile nyuzi.

"Ziache hukohuko," bibi alisema. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakumpigia kelele, na hilo ndilo lililomuumiza mjomba. Ndege akaitundika stoo. Msimu wa mahindi ulipofika akahamia Kibaigwa, akafungua kibanda cha ufundi sokoni, na kuanzia hapo alikuwa mtu wa kuja Krismasi, anasalimia shikamoo mama, anaacha sukari, anaondoka. Miaka yote hiyo aliamini hajasamehewa.

Basi siku hiyo ya kuanua matanga nikatoka na zeze, nikampa mjomba, aliyekuwa amekaa barazani. Aliligeuza, akazitazama ncha za nyuzi. Zile kunjo mbili za kupishana zilikuwa palepale, zimeota kutu kidogo. "Hizi ni zetu," alisema. Kumbe bibi alizichomoa mwenyewe mkiani, akazirudisha na kunjo zake bila kuzinyoosha.

Mama mdogo, aliyeishi na bibi hadi mwisho, akashangaa tunavyoshangaa. "Hamkujua? Upepo ukivuma alikuwa anakwenda kulitundika nje, pale kwenye kona ya nyumba. Likianza kulia anaacha kazi, anaketi. Anasema, leo mwanangu kairusha."

Mjomba alimtazama dada yake kama mtu aliyepigwa kofi. "Alisema hivyo?"

"Kila mara. Nilidhani amekwambia."

Hivi mtu anawezaje kusamehe miaka yote hiyo, na anayesamehewa asijue? Uwanja haupo, mizabibu ya jirani iling'olewa, boksi la ndege lililiwa na mchwa, na bibi mwenyewe tumemzika. Mjomba akainuka, akaenda konani, akalitundika zeze kwenye msumari. Tukangoja upepo. Tangu nizaliwe sijawahi kuiona Ihumwa imetulia namna ile. Halikuyumba hata jani.