Mikono ya Festus Kwenye Makasia

Mwaka ambao bega la Learaí lilianza kumsumbua, Festus alikuwa na hakika kwamba mdogo wake amechoka na makasia na anatafuta sababu ya kuyaacha. Hakumwambia mtu. Aliendelea kupeleka barua nyumba kwa nyumba, asubuhi hadi mchana, na jioni alishuka ufukweni Trá na Leac kama alivyofanya tangu ujana wake.

Walikuwa watatu katika mtumbwi mmoja wa mashindano: Festus mkubwa, Meaigí dada yao aliyepika katika shule ya msingi, na Learaí kitinda mimba, fundi wa paa. Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa pwani ile ya Connemara, mbavu za mbao zilizovikwa turubai na kupakwa lami, mwepesi kiasi kwamba upepo ukiukamata vibaya unaugeuza kama jani. Kila mtu huvuta makasia mawili. Festus, nahodha, alikaa tezi, yaani nyuma, na ndiye aliyeweka mwendo. Meaigí alikaa katikati. Learaí alikaa omo, mbele kabisa, na kwa kuwa wavutaji wote huipa mgongo njia waendayo, ni yeye aliyegeuka kuangalia mbele na kuuweka mtumbwi sawa.

Jioni moja ya Juni Learaí alishindwa kuinua mkono wa kulia hata kuvua sweta. Meaigí alimsaidia, kisha akasema, "Hukai omo leo. Festus atakaa."

"Mimi?" Festus akauliza.

"Wewe. Au hujui kugeuza shingo?"

Wakabadilishana nafasi. Bahari ilikuwa shwari, maji yana rangi ya chai iliyokolea karibu na mwani. Walipochanganya kasi, Festus alihisi omo ikienda upande. Akavuta kuirudisha. Ikaenda tena. Aliwaza kwamba Learaí anazembea kule nyuma, na alikuwa bado anaandaa maneno ya kumwambia pale mtumbwi ulipoingia katikati ya maboya ya shamba la kome na kasia lake likanasa kwenye kamba.

"Learaí, unavuta au unapapasa?" akasema.

Learaí hakugeuka. Alilaza makasia yake magotini. "Navuta."

"Mbona tunakwenda kama kaa?"

Meaigí akacheka kidogo. "Mwambie, Learaí. Umekaa nalo muda mrefu mno."

"Mwambie wewe. Wewe Festus hakuwahi kukutupa majini tulipokuwa watoto."

"Haya, nitasema mimi." Meaigí akamgeukia kaka yake. "Festus, sisi sote tunapitisha mkono wa kushoto juu. Wewe unapitisha wa kulia."

Festus aliitazama mikono yake. Mipini ya makasia yale ni mirefu, hupishana mbele ya kifua, na lazima mkono mmoja upite juu ya mwingine. Yeye alifundishwa na baba yao, aliyekuwa mtu wa mkono wa kushoto. Baba alipokwenda kufanya kazi Boston, wadogo wakafundishwa na mjomba, kama pwani nzima inavyovuta. Vijiti vya kushikia makasia katika mtumbwi wao vilipangwa kwa mtindo huo wa pwani. Kwa hiyo kila Festus alipovuta, mtumbwi ulilala kidogo na omo ikapotea. Na kila ulipopotea, kuna mtu kule omo aliyeurudisha kwa bega la kulia.

"Tangu lini?" akamuuliza Learaí.

"Tangu nilipopanda."

"Na hukusema."

"Ungenisikiliza? Tulikuwa tunashinda, bwana. Unashinda halafu unakwenda kumwambia nahodha wako hajui kushika kasia?"

Walinasua kamba, wakavuta kurudi. Walipofika ufukweni Learaí alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba baada ya mashindano ya Agosti hatavuta tena. Binamu yao Tadhg, aliyekuwa akivuta mtumbwi mwingine, achukue nafasi.

Kuanzia kesho yake Festus alijifunza kuvuta upya. Mikono ilikataa. Ikizoea mwendo tu, inarudi ilikotoka, na kasia moja linaparuza vifundo vya vidole vya mkono mwingine. Pwani ile vifundo vilivyochubuka ni alama ya mtoto anayeanza. Alifunga plasta, akapeleka barua hivyo hivyo, na mlango wa kwanza tu mama mmoja mzee aliitazama mikono yake akatabasamu kwa adabu. Dukani Tadhg hakuwa na adabu hiyo.

"Postamasta, nasikia umeandikishwa darasa la watoto."

"Nimeandikishwa," Festus akasema. "Mwalimu ni mkali."

"Nani?"

"Meaigí."

"Pole sana, ndugu yangu."

Learaí alikuwa amepumzishwa, bega limepakwa dawa. Lakini alishuka ufukweni kila jioni, akakaa juu ya jiwe na kikombe cha chai, akiwatazama wawili wale. Hakumpa Festus neno la sifa. Siku moja alisema tu, "Umerudi kwenye kulia," na Festus akabadili mkono.

Siku ya mashindano upepo ulikuwa wa pembeni. Learaí alirudi omo, Festus tezi. Wakati wa kwenda hadi kwenye boya mikono ya Festus ilitulia. Walipozunguka na kuanza kurudi, mtumbwi wa Tadhg ukawa sambamba nao, na mikono ikataka njia yake ya zamani. Aliyakazia macho makasia yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna nahodha anayelifanya, akavuta polepole kuliko alivyotaka. Nyuma yake hakusikia kasia la Learaí likigonga kwa nguvu upande mmoja. Omo ilikwenda moja kwa moja.

Tadhg aliwatangulia kidogo. Walikuwa wa tatu.

Waliupindua mtumbwi, wakauinua juu ya vichwa vyao na kupanda nao mchangani, miguu sita ikitokea chini ya turubai. Humo ndani mna giza na harufu ya lami.

"Bega?" Festus akauliza.

"Lipo." Kisha Learaí akaongeza, "Pale mwisho ulikuwa unatuchelewesha."

"Najua."

"Basi kesho tushuke mapema," Learaí akasema. "Kabla upepo haujaamka."