Mwoka Mikate na Daktari wa Usingizi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mwoka mikate, na joto lilikuwa sehemu ya kazi yake. Kwa hiyo uso ulipoanza kumwaka ghafla, na shingo na kifua vikachemka, alisema ni tanuri. Joto hilo lilipompata akiwa mbali na tanuri, akasema ni umri, wanawake wote hupita hapo. Kifua kilipopiga miluzi, akasema ni vumbi la unga. Na tumbo lililomkimbiza chooni kila mara? "Hilo nalo limedekezwa," alisema, akacheka.

Mumewe, fundi saa asiye na maneno mengi, alivumilia mpaka siku aliyomkuta ameketi sakafuni kati ya magunia, kashikilia mguu wa meza, pumzi zinakwama.

"Mke wangu, visingizio vimekwisha. Twende hospitali."

"Mikate imo tanurini."

"Acha iungue."

Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Alivua aproni, akaenda.

Walianza kumpa dawa za pumu. Hazikusaidia kitu. Ndipo daktari mwingine alipomuuliza habari za tumbo na za joto kwa pamoja, akaagiza vipimo vya mkojo wa siku nzima na picha za tumbo. Picha zikaonyesha uvimbe mdogo kwenye utumbo, ambao ulikuwa umeshazaa vivimbe vingine kwenye ini. Aina hiyo ya uvimbe, daktari alieleza, hutema kemikali kwenye damu. Hizo ndizo zilizomchoma uso, zikambana kifua na kumharisha. Dawa ingepunguza makali, lakini ilibidi apasuliwe.

Alilazwa. Siku moja kabla ya upasuaji, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda chake.

"Mimi ndiye daktari wa usingizi. Kesho nitakulaza."

"Kulala sina shida, daktari. Muulize huyu bwana. Nakoroma kama mashine ya kusaga."

Daktari alicheka kweli. Kisha akaweka mikono magotini. "Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Uvimbe wako ukishtuliwa, kwa kisu, kwa maumivu, kwa woga, hata kwa baadhi ya dawa zangu za kawaida, unaweza kumwaga kemikali zake zote kwa mpigo. Presha inaporomoka, kifua kinafunga. Ipo dawa ya kuufumba mdomo. Nataka iingie kwenye mishipa yako kabla hatujaanza, iendelee tukiwa kazini, na iendelee baada ya hapo."

"Basi niwekee."

"Ndilo lililonileta. Iliyopo stoo haitoshi."

Daktari wa upasuaji, bwana mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliingia wakati huohuo. Alitaka waanze hivyo hivyo. Nafasi ya chumba cha upasuaji ilikuwa imepatikana kwa shida, na uvimbe haungoji mtu.

"Ikiniishia katikati, nitamrudisha na nini?" yule wa usingizi alimuuliza. Hakupandisha sauti. "Mimi simlazi."

Aliyepandisha sauti ni Shangazi. "Nimepiga moyo konde mpaka nimefika kwenye kitanda hiki, halafu unanirudisha nyumbani?"

"Ndiyo, Shangazi. Bora unichukie ukiwa hai."

Alirudi nyumbani amenuna. Usingizi ulimkataa, na kazini mkono ulikanda unga kama unaopigana nao. Wazo la kutorudi kabisa lilimjia, akalitazama vizuri. Mwisho akamwambia mumewe, "Mficha maradhi kilio humfichua. Nimeficha vya kutosha. Nitarudi, lakini sitarudi kama kondoo."

Akaenda kumtafuta daktari wa usingizi. "Ulisema woga nao unaushtua uvimbe. Nionyeshe hicho chumba nikiwa na akili zangu. Siogopi sana ninachokijua."

Daktari alifikiri, kisha akampa joho na kofia. Shangazi alitembea taratibu chini ya taa kubwa, akauliza mashine ya pumzi ni ipi, yeye daktari atasimama wapi. Alipapasa meza ya upasuaji. "Hii imetengenezewa watu wembamba," alisema. Walipofika mlangoni, aligeuka akakitazama chumba kizima mara nyingine, kisha akavua kofia.

Wakati huo dawa ilikuwa inafuatiliwa, na moyo wake ukapimwa pia, kwa kuwa kemikali zile huharibu milango ya moyo. Wake ulikuwa umeguswa kidogo tu. Dawa ilipofika, dripu ilianza siku moja kabla. Asubuhi alipewa kitulizo, akasukumwa ndani, akamwona daktari wake amesimama palepale alipomwonyesha.

"Upo?"

"Nipo. Sibanduki."

Kilichofuata alisimuliwa na yule bwana mnene mwenyewe. Uvimbe wa utumbo ulitoka vizuri. Lakini alipogusa ini, presha ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. "Toa mkono!" daktari wa usingizi aliamuru. Akautoa. Chumba kizima kikasimama. Yule wa usingizi akaongeza dawa, akaongeza maji ya dripu, macho hayakutoka kwenye mashine, mpaka presha ikaanza kupanda polepole. Ndipo akasema, "Endelea. Taratibu."

"Siku ile mwenzangu angenikubalia," bwana yule alimwambia Shangazi wodini, "tusingekuwa tunaongea." Aliyasema mbele ya mwenzake, wala hakuona haya.

Hawakutoa vyote. Vidogo viwili vitatu vilibaki kwenye ini, na sindano za dawa ile anachomwa mpaka leo. Siku nyingine uso bado humwaka. Lakini tumbo limetulia, na amerudi kazini, ingawa magunia sasa hubebwa na mumewe, kwa manung'uniko mengi.

Juzi jino lilimuuma. Daktari wa meno alijaza ganzi kwenye bomba la sindano, akauliza kama ana ugonjwa wowote.

"Hana," mumewe alijibu kwa haraka, maana alimhurumia kwa maumivu na alitaka ganzi ichomwe upesi.

"Ninao," alisema Shangazi, akaketi wima. "Na ganzi nyingine huushtua. Weka hiyo sindano chini, mwanangu, kwanza tumpigie simu daktari wangu wa usingizi. Jino litangoja."