Dakika Arobaini za Kufuta

Mdogo wangu anayenifuata alikuwa mwimba kasida. Baba alikuwa askari polisi, na lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana nyumbani tulikisema. Yeye na mama walipokufa mwaka mmoja, niliacha shule darasa la sita, nikaanza kushona nguo mtaani kwetu Kawempe ili wadogo zangu watatu wapate kula. Huyu mwimbaji alialikwa kwenye maulidi na harusi. Sauti yake ilipanda, ikajizungusha juu kwa juu kabla ya kushuka, na akina mama walilia bila kujua wanamlilia nani.

Kisha mtu aliyetoka Nairobi akaja na santuri ya rege. Mdogo wangu aliisikiliza wiki nzima, akasema atarekodi santuri kama ile, nyimbo nane, kwa Kiswahili. Nilimwambia rege haitatulisha.

"Dada, na kasida inatulisha?"

Nikarudi kwenye cherehani.

Studio ilikuwa mtaa wa Kamwokya, chumba cha nyuma cha duka ambalo wenyewe, Wahindi, walikuwa wamefukuzwa nchini kwa amri ya rais. Kuta zilizibwa kwa magodoro. Kanda mpya hazikupatikana, kwa hiyo mwenye studio, mzee mpole, alirekodi juu ya zile za zamani. Kila Jumapili nilipeleka chai isiyo na sukari, nikakaa kusikiliza.

Mpiga ngoma alikuwa mstaafu wa bendi ya jeshi. Rege inaliacha pigo la kwanza tupu. Unangoja, ndipo unapiga. Mkono wake ulikataa. Kila mara alilipiga lile la kwanza, na wimbo ukaanza kutembea kama gwaride.

"Afande, hapa hatumpokei rais," mdogo wangu akamwambia.

Tulitazama mlango kwanza, ndipo tukacheka.

Wimbo wa tatu ulihusu watu waliokwenda kazini asubuhi wasirudi. Afande alitaka utolewe. Mdogo wangu akasema hajamtaja mtu. Wa nane ulikuwa wa mama, jinsi alivyochekecha unga huku akizungumza peke yake.

Wiki ya pili baada ya kumaliza kurekodi, gari lisilo na namba lilimchukua mdogo wangu nje ya msikiti, mchana, watu wakitoka sala ya Ijumaa. Nilizunguka vituo vya polisi. Katika cha tatu nilimkuta polisi mmoja aliyewahi kula nyumbani kwetu enzi za baba. Hakunikaribisha kiti.

"Binti, usiulize tena. Una wadogo."

Nilikwenda studio. Kanda ilikuwa moja tu, na yule mzee mwenye studio aliniambia uamuzi ni wangu. Niliwaza kwamba wakija kuisaka na kuusikia wimbo wa tatu, hawatamwachia, kisha watatufuata na sisi. Nikamwambia afute.

Sikujua kwamba kwa mashine ile kufuta kunachukua muda uleule wa kuimba. Inarekodi ukimya juu ya sauti, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Tulikaa dakika arobaini tukiitazama kanda ikizunguka. Mpangilio niliujua, kwa hiyo nilijua kila wakati ni wimbo gani unaondoka. Ulipofika wa nane, mzee aliweka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha.

"Huu ni wa mama yenu tu. Hauna ubaya. Niuache?"

Nilitaka auache. Lakini sauti ni ileile, na Kawempe nzima ingeitambua.

"Endelea, mzee."

Akaondoa kidole.

Mdogo wangu hakurudi. Wala hakuna aliyekuja kuisaka kanda ile, wiki ile au mwaka ule au baadaye. Tungeweza kuiweka chini ya kitanda changu.

Wadogo wawili waliobaki ni watu wazima sasa. Wao wanakumbuka kasida zake. Wimbo wa nane ninao mimi, maneno yote, na mara nyingine nikiwa kwenye cherehani najaribu kuuimba. Mguu wangu unalikanyaga pigo la kwanza kila mara. Naanza tena, unalikanyaga tena, halafu naacha.