Zizime Uende Nyumbani

Marehemu kaka yangu alikuwa fundi umeme wa magari hapa Kanyenye, Tabora. Mikono yake ilikuwa na grisi mchana kutwa, kwa hiyo kwenye kundi letu la wachezaji wa gemu alikuwa haandiki. Alibonyeza simu kwa kidole gumba akasema anachotaka kusema, dakika nzima, wakati mwingine zaidi, huku nyundo zikilia nyuma yake.

Gemu iliyotugombanisha kuliko zote ilikuwa ya kutisha, ya mambo ya anga. Wewe ni fundi unayetumwa kwenye kituo kilichonyamaza kwenye sayari ya mbali. Watu wote wamekufa, lakini mtambo wa kituo umehifadhi akili zao na unaongea kwa sauti zao. Ili upate umeme wa kurudi nyumbani, lazima uzizime sauti hizo mojamoja, nazo zinakuomba usizizime. Tuliicheza Jumapili baada ya ibada, kwenye duka la kompyuta la rafiki yetu, sisi watatu.

Kundini wengi waliiponda. Hadithi ndefu, bunduki hakuna, zimwi linalokuwinda humo kituoni linatembea kama mgonjwa. Hao niliwapuuza. Ubishi wa kweli ulikuwa kati ya kaka na yule rafiki.

"Sauti inamkumbuka mama yake, inaogopa, inaomba," rafiki aliandika. "Unataka nini zaidi ndipo uiite mtu?"

Kaka alimjibu kwa sauti: "Hizo ni kelele za mtambo, ndugu yangu. Wenyewe walishakufa, waacheni wapumzike. Zizime uende nyumbani."

Kisha pikipiki ikamuua kwenye barabara ya Urambo.

Tulipokwenda Usinge, kijijini kwetu, kulijengea kaburi lake, rafiki alitusindikiza. Nilimshukuru. Alibeba mfuko wa saruji begani kutoka stesheni, akachanganya zege na wajomba, akala ugali na kisamvu bila kujifanya mgeni. Asubuhi ya kuondoka, mama amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, rafiki akachuchumaa mbele yake na kumwekea simu karibu na sikio.

"Mama, sikiliza hii."

Nikamsikia kaka yangu.

"Shikamoo mama. Ni mimi. Usilie sana, mimi niko salama."

Mkono wa mama ulisimama ndani ya ungo. "Marahaba," akasema.

Niliipokonya ile simu. Nadhani nilimkwaruza, maana baadaye niliona damu kwenye kiganja chake. Nilimvuta hadi nyuma ya jiko.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeitengeneza. Siku hizi kuna programu. Nilichukua zile sauti zake za kundini, inajifunza, halafu unaiandikia maneno."

"Zipi za kundini? Zile za gemu?"

"Ndizo zilizokuwepo. Nilitaka kumfariji mama."

"Ulimuuliza nani?"

Hasira iliyonipanda sijawahi kuijua kabla wala baada. Mtu alisema wazi, kwa kinywa chake, kwamba marehemu aachwe apumzike. Huyu akayachukua maneno yaleyale, akayasaga, akatengeneza nayo kikaragosi cha kumwamkia mama yangu. Alishindwa ubishi kaka akiwa hai, akangoja afe. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema namwonea, akalia. Machozi yake yakanizidishia hasira.

Niliporudi, mama alikuwa ameendelea na maharage.

"Si yeye, mama. Ni mashine."

"Najua," akasema. "Kaka yako hakuwahi kuniamkia kwa Kiswahili tangu azaliwe. Sisi ni Kinyamwezi tu humu ndani."

"Sasa mbona umeitikia?"

"Nimesalimiwa." Akapuliza makapi. "Mwambie mwenzio aniwekee tena kabla hamjaondoka."

Nilikataa. Mama hakupaza sauti, ila hakunisindikiza njiani kama kawaida yake, na mimi nilipanda treni nikiwa nimemkasirikia hata yeye, mwanamke aliyemzika mwanawe. Hilo nalo nimemhesabia rafiki. Tulikaa mabehewa tofauti mpaka Tabora.

Aliniandikia kwamba ameifuta. Sina njia ya kujua. Wiki ile ile habari ilifika kundini: mtu mmoja alimsifu kwa ubunifu, mwingine akauliza kama anaweza kumtengenezea ya babu yake. Nikaandika maoni yangu ya mwisho juu ya ile gemu: kwamba walioitunga walau walijua ni ya kutisha. Wakacheka. Nikajitoa.

Dukani kwake sipiti tena. Nazunguka kwa nyuma, hata jua likiwa kali. Mama, kila nikienda Usinge, ananiuliza kama yule kijana hajambo. Namjibu hajambo.